Georgette Heyer: Msomaji aanze na kitabu kipi?

MSOMAJI anayelisikia jina la Georgette Heyer kwa mara ya kwanza hukabiliwa na tatizo moja kubwa: vitabu ni vingi mno. Mwandishi huyo Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1974, aliacha zaidi ya vitabu 50, vingi vikiwa riwaya za mahaba zilizojengwa juu ya misingi ya historia.

Tatizo hilo si la kupuuzwa. Aghalabu kitabu cha kwanza ndicho huamua iwapo msomaji ataendelea na mwandishi au atamweka kando. Anayetoa shilingi zake kununua kitabu kimoja cha mitumba kando ya barabara jijini Nairobi, au anayeazima kimoja maktabani, hana nafasi ya kubahatisha. Akiangukia kisichomfaa, atahitimisha kwamba Heyer huwasimulia tu mabwanyenye wasio na kazi ila kucheza dansi na kubadilisha mavazi.

Hitimisho hilo litakuwa la haraka. Chini ya mavazi na dansi hizo, riwaya bora za Heyer huzungumzia jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analifahamu vyema: ndoa ikiwa shughuli ya ukoo mzima, na fedha zikiwa mgeni asiyealikwa katika kila uchumba. Kwa sababu hiyo, mlango unaofaa kuingilia ni riwaya ya Arabella ya mwaka 1949. Baada yake ipo njia ya kufuata, na vipo vitabu ambavyo ni heri visubiri.

MWANDISHI ALIYELISHA FAMILIA

Heyer alizaliwa Agosti 16, 1902, katika kitongoji cha Wimbledon, London. Babake alikuwa mwalimu. Kisa chake cha kwanza alikitunga ili kumliwaza ndugu yake mdogo, Boris, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa damu kutoganda. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 1921 kwa jina The Black Moth, mwandishi akiwa na umri wa miaka 19 pekee.

Mwaka 1925 babake alifariki ghafla, na muda mfupi baadaye binti huyo akaolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi. Kifo hicho kilimwachia jukumu la kusaidia kuwatunza ndugu zake. Rougier alipoiacha kazi ya migodi mwishoni mwa miaka ya 1920, kalamu ya mkewe ndiyo iliyogeuka tegemeo kuu la nyumba. Baadaye Rougier alisomea sheria na kuwa wakili mwaka 1939.

Kwa miaka mingi, Heyer alitoa riwaya moja ya mahaba na moja ya upelelezi karibu kila mwaka. Za upelelezi zilifika 12, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1932 na ya mwisho ya mwaka 1953. Hakupenda kuhojiwa na wanahabari, na alishikilia kwamba anayetaka kumjua avisome vitabu vyake. Aliugua saratani ya mapafu na kuaga dunia Julai 4, 1974.

Maelezo haya yana maana kwa anayechagua kitabu. Mwandishi aliyehesabu malipo ya kila mswada ili familia yake ipate chakula hakuweza kuyaandika mahaba kana kwamba watu huishi kwa kupumua tu. Katika kurasa zake, wahusika hutaja pato lao la mwaka, madeni yao, gharama ya gauni na mahari ya binti. Hapo ndipo penye nguvu yake.

KIPINDI ANACHOKISIMULIA

Riwaya zake nyingi zimewekwa katika kipindi ambacho Waingereza hukiita Regency. Kilianza mwaka 1811, wakati Mfalme George wa Tatu alipolemewa na maradhi ya akili na mwanawe akapewa mamlaka ya kutawala kwa niaba yake. Kilikoma mwaka 1820 mfalme huyo alipofariki na mwana huyo akatawazwa kuwa George wa Nne.

Kwa kulinganisha, huo ni wakati ambapo Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, na Muyaka bin Haji akitunga mashairi yake mjini humo. Barani Ulaya, vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vikielekea ukingoni, navyo vilihitimishwa katika uwanja wa Waterloo mnamo Juni 18, 1815.

Jane Austen, aliyefariki mwaka 1817, aliandika juu ya kipindi hicho akiwa ndani yake. Heyer aliandika zaidi ya karne moja baadaye, hivyo alilazimika kutafiti kila kitu: bei, barabara, mavazi, vyakula, silaha na misemo. Maktaba yake ya vitabu vya marejeo vya historia ilikuwa na zaidi ya vitabu 1,000. Riwaya yake ya kwanza ya kipindi hicho, Regency Buck, ilitoka mwaka 1935, na wahakiki wengi humtaja kuwa ndiye aliyeiasisi aina hiyo ya riwaya.

Waliokuja baada yake ni wengi. Tamthilia ya Bridgerton iliyoanza kuonyeshwa na Netflix Desemba 2020 imetokana na riwaya za Julia Quinn, mwandishi wa Marekani, nazo zimejengwa katika ulimwengu uleule alioufungulia Heyer mlango. Hata hivyo, mtazamaji anayehama kutoka tamthilia hiyo hadi kwa Heyer afahamu mapema kwamba atakuta mzaha mwingi, maneno makali na busu moja au mawili karibu na ukurasa wa mwisho. Mambo ya chumbani hayasimuliwi kamwe.

KWA NINI SI KITABU CHA KWANZA

Wasomaji wengi hudhani kwamba njia salama ni kufuata miaka ya uchapishaji. Wahenga nao walisema nyota njema huonekana asubuhi. Katika suala la Heyer, asubuhi yenyewe ilikuwa na mawingu.

The Black Moth ni kazi ya kijana mwenye kipawa ambaye bado anajifunza. Ina upanga, kutekwa kwa msichana na bwana aliyejitwika kosa la nduguye, lakini wahusika hawajapata nyama. Riwaya kadhaa alizoziandika katika miaka iliyofuata hazikumridhisha mwandishi mwenyewe, naye alizuia zisichapishwe tena wakati wa uhai wake. Msomaji anayeanza na zile ambazo mtunzi alizikana anajitafutia usumbufu.

Vilevile, si busara kuanza na riwaya zake za Zama za Kati. The Conqueror ya mwaka 1931 inamhusu William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. My Lord John, iliyochapishwa mwaka 1975 baada ya kifo cha mwandishi, haikukamilika. Heyer alitamani kukumbukwa kwa kazi kama hizo, ila zimesheheni majina, koo na tarehe kiasi kwamba hata wapenzi wake wakubwa huzisoma kwa subira.

MLANGO WENYEWE: ARABELLA

Arabella Tallant ni binti wa kasisi katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Nyumba yao ni ya heshima na upendo, lakini watoto ni wanane na mfuko ni mwepesi. Mama wa ubatizo wa Arabella, anayeishi London, anamwalika akae naye wakati wa msimu wa karamu ili apate mchumba.

Familia nzima inajikamua ili kumwezesha kusafiri. Vitambaa vilivyotunzwa kwa miaka vinatolewa sandukuni na kushonwa magauni. Kila mtu anajua, ijapokuwa hakuna anayelisema waziwazi, kwamba binti huyu akiolewa vizuri, wadogo zake watapata nafasi ya kuinuka. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa hali hiyo. Wapo wengi waliopanda basi la kwenda mjini wakiwa wamebeba matumaini ya nyumba nzima, nauli ikiwa imechangwa na wajomba na majirani.

Njiani, gari la farasi analosafiria linaharibika, naye anapata hifadhi katika nyumba ya Robert Beaumaris, tajiri asifiwaye London nzima. Kwa bahati mbaya anamsikia mwenyeji wake akimweleza rafiki kwamba hiyo ni hila nyingine ya mwanamke anayeuwinda utajiri wake. Arabella anapandwa na hasira. Bila kufikiri, anatangaza kwamba yeye mwenyewe ni tajiri, na kwamba amechoshwa na wanaume wanaomfuata kwa ajili ya mali.

Uongo huo mmoja unatangulia kufika London. Anapowasili, milango yote iko wazi na wachumba wanapigana vikumbo. Sasa yuko katika mtego: hawezi kukubali posa ya yeyote, kwa kuwa atakayemposa atakuwa amedanganywa, na hawezi kusema kweli bila kuiaibisha familia iliyomtuma. Hali inakuwa mbaya zaidi nduguye Bertram anapofika mjini kwa siri na kunaswa na kamari.

Yapo mambo matatu yanayoifanya riwaya hii kuwa mlango mwema. Kwanza, kisa ni chepesi kufuatwa. Mhusika mkuu ni mgeni mjini, hivyo anajifunza kanuni za London pamoja na msomaji. Pili, Arabella ana dhamiri. Mtoto wa kusafisha mabomba ya moshi anapoangukia chumbani mwake akiwa na majeraha, anamkinga dhidi ya bwana wake na kumlazimisha Beaumaris amchukue mtoto huyo. Tatu, kitabu kinachekesha, hasa pale bwana huyo mtanashati anapojikuta akimtunza mbwa asiye na nasaba aliyeokotwa barabarani.

Mwisho wa kisa hautafichuliwa hapa. Itoshe kusema kwamba swali la nani alijua nini, na alilijua tangu lini, humfanya msomaji arudi nyuma kuzisoma upya sura za awali.

HATUA YA PILI: FREDERICA NA VENETIA

Aliyeipenda Arabella na aendelee na Frederica ya mwaka 1965. Frederica Merriville ana umri wa miaka 24, wazazi wake wamefariki, naye ndiye mama na baba wa wadogo zake. Kaka anayepaswa kuwa kichwa cha nyumba yuko chuoni Oxford na hana habari na majukumu. Mmoja wa wadogo zake, Felix mwenye umri wa miaka 12, ana wazimu wa mitambo, na siku moja anapaa angani na puto kubwa la hewa bila ruhusa ya mtu.

Frederica anamwendea jamaa wa mbali, Marquis wa Alverstoke, kumwomba awafungulie milango ya jamii ya London kwa ajili ya dada yake mrembo. Alverstoke ni mtu aliyechoshwa na kila kitu, asiyependa kusumbuliwa. Anabadilika polepole, na kinachombadilisha ni pilkapilka za watoto kuliko macho ya msichana. Yeyote aliyelea ndugu zake kabla ya kupata wasaa wa kujilea mwenyewe atamwelewa Frederica.

Venetia ya mwaka 1958 inafaa kwa msomaji anayetaka mahaba yenyewe yawe mbele. Venetia Lanyon, mwenye umri wa miaka 25, ameishi maisha yake yote mashambani Yorkshire akimtunza ndugu yake Aubrey, mlemavu wa mguu na msomi hodari. Jirani yao, Damerel, ni mtu mwenye sifa mbaya. Wawili hao wanapendana kwa kucheka pamoja, na hilo ndilo linaloifanya riwaya hii kupendwa. Kizuizi kikubwa ni watu wema wanaodhani wanajua kinachomfaa Venetia kuliko yeye mwenyewe.

NDOA YA DENI: A CIVIL CONTRACT

Riwaya ya tatu au ya nne iwe A Civil Contract, iliyochapishwa mwaka 1961. Wapo wasioipenda kwa sababu haina shamrashamra. Hata hivyo, ndiyo inayoonyesha vyema zaidi jinsi Heyer alivyoitazama ndoa.

Adam Deveril ni mwanajeshi anayeitwa nyumbani kutoka vitani baada ya babake kufariki. Anakuta madeni yanayotishia kuimeza ardhi ya mababu. Anampenda Julia, msichana mzuri wa tabaka lake, lakini ndoa hiyo haiwezekani. Badala yake anamwoa Jenny, binti wa Jonathan Chawleigh, mfanyabiashara tajiri wa London asiye na adabu za kikabaila. Chawleigh ananunua cheo kwa ajili ya bintiye, naye Adam anaiuza nafsi yake ili kuiokoa nyumba.

Mwandishi mwingine angemwondoa Jenny njiani ili wapenzi waungane. Heyer anakataa. Anamwacha Adam aishi na mwanamke asiye mrembo, mwenye akili timamu, anayejua mume wake anapenda kahawa ya namna gani na godoro la namna gani. Msomaji anashuhudia mapenzi yakiota pasipopandwa mbegu, kidogo kidogo, bila ngoma wala vigelegele. Naye Chawleigh, mkwe mwenye kelele na mkono wazi, ni miongoni mwa wahusika bora zaidi aliowahi kuwaumba.

Katika jamii ambamo wazee wa pande mbili huketi kujadili mahari kabla ya vijana kuulizwa lolote, riwaya hii haitasomwa kama hadithi ya nchi ya mbali. Itazua mjadala mezani.

COTILLION: KICHEKO KWA WALIOKWISHA KUZOEA

Cotillion ya mwaka 1953 ni kati ya vitabu vyake vya kuchekesha zaidi, lakini si cha kuanzia. Kitty Charing, yatima, ameambiwa na mlezi wake bahili kwamba atamrithisha mali yote akikubali kuolewa na mmoja wa wajukuu wa ndugu zake. Kitty anayempenda ni Jack, kijana mtanashati asiyeharakisha kuja. Ili kumtia Jack wivu, anamshawishi Freddy, kijana mpole anayejua mavazi kuliko kitu kingine chochote, wajifanye wachumba.

Utamu wa kitabu hiki hutokana na kuwafahamu mashujaa wa Heyer wa awali: wanaume warefu, wenye dharau na uwezo wa kila jambo. Hapa mwandishi anaicheka kanuni yake mwenyewe. Anauliza iwapo mwanamke ananufaika zaidi na mtu wa kutetemesha moyo au na mtu anayefika kwa wakati unapomhitaji. Asiyeijua kanuni hiyo atacheka nusu.

KITABU KILICHOANDIKWA TANGANYIKA

Kwa wapenda visa vya panga na hila, ipo The Masqueraders ya mwaka 1928. Kitabu hiki kina mvuto wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwani kiliandikwa Tanganyika.

Rougier alitumwa huko kwa kazi ya madini, na Heyer akamfuata mwaka 1927. Waliishi mwituni katika nyumba iliyojengwa kwa matete. Akiwa mbali na maktaba yake, aliandika juu ya ndugu wawili, Prudence na Robin, wanaojificha mjini London baada ya uasi wa mwaka 1745 wa wafuasi wa ukoo wa Stuart. Dada anavaa suruali na kutembea kwa jina la Peter. Kaka anavaa gauni na kujiita Kate. Aidha, mwandishi alichapisha makala juu ya maisha yake ya porini katika jarida la The Sphere mwaka 1929.

Hata hivyo, msomaji asitarajie kuikuta Tanganyika ndani ya riwaya hiyo. Hakuna twiga wala mvua ya masika. Mwandishi alikaa katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, akahudumiwa na wenyeji wake, na kalamu yake ikaendelea kuisimulia London ya karne ya 18. Ukimya huo nao unasema jambo.

Wenye kupenda mtindo huo wanaweza kuendelea na These Old Shades ya mwaka 1926. Riwaya hiyo ilitoka wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi nchini Uingereza, bila kutangazwa magazetini, lakini ikauzwa nakala 190,000. Inamhusu Duke wa Avon, anayemnunua mtoto katika mitaa ya Paris na kugundua siri juu ya nasaba yake. Mwana wa Duke huyo ndiye mhusika mkuu wa Devil's Cub ya mwaka 1932, hivyo ni muhimu kuzisoma mbili hizo kwa mpangilio.

WATERLOO ISUBIRI

An Infamous Army ya mwaka 1937 inasimulia siku za kabla ya Waterloo mjini Brussels, ikiwemo dansi maarufu ya Juni 15, 1815 ambapo maafisa waliondoka wakiwa bado katika mavazi ya karamu. Maelezo ya vita vyenyewe ni ya kina, na msomaji anaona jinsi majina aliyoyazoea katika karamu yanavyogeuka orodha ya waliokufa.

Kitabu hiki kinawaunganisha wahusika wa Regency Buck na kizazi cha Devil's Cub. Anayekisoma mwanzoni atakipata kizito. Anayekisoma baada ya vile vingine atakutana na watu anaowajua, na vifo vitamgusa.

MAMBO YA KUTAHADHARI

The Grand Sophy ya mwaka 1950 hutajwa mara nyingi kuwa kitabu cha kuanzia. Sophy ni msichana jasiri anayeingia katika nyumba ya shangazi yake na kuipindua juu chini kwa manufaa ya wote. Kuna vicheko vingi. Lakini ndani yake mna mkopeshaji riba wa Kiyahudi aliyechorwa kwa chuki ya zamani dhidi ya kabila lake, na hayo yaliandikwa miaka mitano tu baada ya kumalizika kwa vita ambamo mamilioni ya Wayahudi waliuawa. Kipindi cha kihistoria si kisingizio. Msomaji anayekianza akiwa hajaonywa anaweza kukifunga hapo, na hatakuwa na makosa. Heri akisome baadaye, macho yakiwa wazi.

Kuna pia yale yasiyosemwa. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1833, na serikali ikatenga Pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki. Katika kipindi chote cha Regency, basi, sukari iliyotiwa katika chai za London ilitoka mashambani kwa jasho la watumwa. Heyer, aliyetafiti bei ya utepe wa kofia, aliliacha suala hilo karibu lote nje ya kurasa zake. Watumishi nao huonekana zaidi wanapochekesha au wanapotii.

Kulijua hilo hakumzuii mtu kusoma. Kunamkumbusha kwamba anatazama nyumba kupitia dirisha la sebuleni, na kwamba nyumba hiyo ina jikoni na shamba.

LUGHA ISITISHE

Tatizo la mwisho ni lugha. Heyer alikusanya misimu ya vijana wa kikabaila, ya wacheza kamari, ya wapiganaji ndondi na ya wezi wa kipindi hicho, kisha akaitumia kwa wingi katika mazungumzo. Hata Waingereza wa leo hukwama.

Dawa yake si kulikimbilia kamusi kila mstari. Mtu anayesikia sheng katika kituo cha matatu asichokizoea hapati kila neno, lakini huelewa iwapo wasemaji wanataniana, wanadaiana au wanatishana. Vivyo hivyo kwa Heyer: baada ya sura tatu hivi, maneno yaleyale hujirudia na maana hujitokeza. Inafaa kuwa na subira katika sura ya kwanza, ambayo mara nyingi hujaa majina ya jamaa. Mhusika anayestahili kukumbukwa atarudi.

Kwa muhtasari, anayeanza leo na aishike Arabella. Akiipenda, Frederica na Venetia zimfuate, kisha A Civil Contract, na baada yake Cotillion. Mpenda panga aongeze The Masqueraders, These Old Shades na Devil's Cub. Regency Buck itangulie An Infamous Army, nayo The Grand Sophy isomwe kwa tahadhari. Zile za Zama za Kati zisubiri hadi mwisho.

Na iwapo mkononi kuna fedha za kitabu kimoja pekee, na muuzaji hana Arabella, basi achukue Frederica. Binti wa kasisi na dada wa mayatima walitoka katika kalamu moja, ya mwanamke aliyejua gharama ya kulisha nyumba.